Maua Si Cheti cha Afya

Uliza habari za virusi mahali popote wanapokutana wapenda okidi, iwe kwenye maonyesho ya maua Nairobi, kwenye kitalu cha kando ya barabara Arusha, au barazani kwa jirani aliyepanga vyungu vyake kivulini, na jibu utakalopewa ni lilelile. Virusi vipo kila mahali. Okidi zimeishi navyo miaka na miaka. Mradi mmea unachanua, usijitafutie presha.

Jibu hilo limezoeleka hata limegeuka kuwa ushauri anaopewa kila mgeni. Anakuja na jani lenye michirizi ya manjano, anaambiwa aongeze mbolea. Anauliza kama atumie wembe mpya kwa kila mmea, anaambiwa asizidishe mambo. Mimi nasema ushauri huo ni mbovu. Unaharibu mikusanyo ambayo watu wameijenga kwa miaka, na baadhi ya wanaoutoa wanajua zaidi ya wanavyosema.

Niuweke kwanza msimamo wao kwa haki, maana wengi wanaoushikilia wanaijua kazi. Wanasema okidi nyingi zenye kirusi hazionyeshi dalili na hazifi. Ni kweli. Wanasema virusi vimeenea dunia nzima kwenye okidi za biashara. Ni kweli. Wanasema alama za kirusi kwenye majani hufanana na za jua kali, za utitiri, za kuvu au za upungufu wa chakula, kwa hiyo mtu mwenye hofu anaweza kutupa mmea usio na kasoro. Hilo nalo ni kweli. Mwisho wanasema vipimo ni ghali na havipatikani duka la jirani, na hapo pia sina ubishi. Kosa lao liko kwenye hitimisho: kwamba kwa sababu hizo zote, mwenye okidi nyumbani hana haja ya kujali.

Tunachokizungumzia

Virusi vinavyoshambulia okidi ni vingi, ila viwili ndivyo vinavyopatikana zaidi. Kimoja ni kirusi cha batobato ya Cymbidium, ambacho watu wa maabara hukiita kwa kifupi CymMV. Kilielezwa California mwaka 1950. Cha pili ni kirusi cha madoa-pete ya Odontoglossum, yaani ORSV, kilichoelezwa hukohuko mwaka 1951. Hicho cha pili ni ndugu wa kirusi cha batobato ya tumbaku, na zamani kilihesabiwa kuwa aina yake tu. Vyote viwili husafiri ndani ya utomvu. Havitegemei mdudu wa kuvieneza. Vinapita kwenye wembe, kwenye mkasi, kwenye kucha, kwenye chungu kilichowahi kutumika, na kwenye maji yanayochuruzika kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Kuna pia kirusi cha vidoa kinachobebwa na utitiri bapa wa jenasi ya Brevipalpus, na kirusi cha batobato ya matango kinacholetwa na vidukari, lakini kinga ya hivyo huanzia kwa mdudu na sitaviingiza hapa.

Dawa hakuna. Hakuna ya kunyunyiza, hakuna ya kumwagilia, wala mbolea inayoweza kukitoa kirusi ndani ya mmea ulioko chunguni. Okidi ikishaambukizwa inabaki nacho hadi ife. Hili lishikwe, kwa sababu kila hoja inayofuata inalisahau.

Hoja ya kwanza: "Mbona inachanua?"

Inachanua, ndiyo. Phalaenopsis yenye CymMV inaweza kukaa dirishani miaka kadhaa, majani mabichi, mizizi minene, ikitoa shina la maua kila msimu. Na hapo ndipo hatari ilipo. Mmea unaooza watu huutenga wenyewe bila kuambiwa. Mmea unaopendeza ndio unaogawanywa, ndio wageni wanaouomba, ndio unaopitiwa na wembe mara nyingi kuliko yote barazani. Uzuri wake ndio unaokifungulia kirusi milango ya nyumba nyingine.

Kuchanua kwenyewe pia kunataka kutazamwa kwa karibu. Ichukue Cattleya yenye CymMV. Ua linafunguka safi, zambarau isiyo na doa, na mwenyewe analipiga picha siku hiyohiyo. Wiki moja hivi baadaye, kwenye petali inatokea michirizi myembamba ya kahawia iliyokufa. Inapanuka, petali inasinyaa pembeni, na ua linaisha kabla ya wakati wake. Mwenyewe analaumu joto, au anasema limezeeka. Kwenye ORSV mara nyingine ni rangi inayovurugika: hapa imekolea, pale imepauka, na hakuna mpangilio unaofanana kati ya petali mbili. Aliyepiga picha siku ya kwanza atakuonyesha picha hiyo kuwa ushahidi kwamba mmea ni mzima.

Hasara nyingine haionekani kabisa, kwa kuwa hakuna cha kuilinganisha nacho. Balbu mpya inatoka ndogo kidogo kuliko ya mwaka uliopita. Mashina ya maua yanapungua. Mizizi inachelewa. Mwenye mmea hana pacha wake mzima, amesimama chungu cha pili, wa kumwonyesha alivyopaswa kuwa. Kwa hiyo anapoambiwa kirusi hakidhuru, anaamini, kwani hajawahi kuuona mmea wake ukiwa na nguvu zake zote. Na virusi hivyo viwili vikikutana ndani ya mmea mmoja, mambo huharibika zaidi kuliko kwa kimoja peke yake.

Pwani ya Tanga funzo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1936 H. H. Storey, wa kituo cha utafiti cha Amani milimani Usambara, aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya mihogo. Shamba linaweza kuonekana limesimama vizuri, majani tele, kisha mkulima anang'oa na kukuta mihogo imekauka na kuoza kwa ndani, haifai kuliwa wala kuuzwa. Mkulima aliyepitia hayo hatakuambia shamba ni zima kwa kuwa lina majani. Sioni kwa nini mwenye okidi aruhusiwe kusema hivyo kwa kuwa ana maua.

Tena macho hukosea upande wa pili pia. Phalaenopsis iliyomwagiwa maji ya baridi asubuhi, kule Limuru au Lushoto, hupata mabaka yaliyobonyea ya manjano na kahawia ambayo mtu angeapa ni kirusi. Kumbe ni seli zilizokufa kwa baridi. Wanaotumia mfano huu kutetea kutojali wanautumia vibaya. Kama macho yanaweza kuuhukumu mmea mzima kuwa mgonjwa, na yanaweza kuupitisha mgonjwa kuwa mzima, basi macho hayafai kuwa kipimo. Huwezi kuyakataa yanaposema "mgonjwa" na kuyaamini yanaposema "mzima".

Hoja ya pili: "Karibu zote zinavyo"

Sentensi hii imeua bidii ya watu wengi kuliko nyingine yoyote. Anayeisema hajapima. Wanaopima hukuta mchanganyiko: mimea yenye kirusi kimoja, yenye vyote viwili, na iliyo safi. Ukisema "karibu zote" umeifuta mimea iliyo safi, na ndiyo hasa inayostahili kulindwa. Mimea safi ipo, na sababu yake inajulikana. Virusi hivi viwili kwa kawaida havipiti kwenye mbegu, kwa hiyo okidi iliyooteshwa kutoka mbegu huanza maisha bila kirusi. Tangu Lewis Knudson alipoonyesha mwaka 1922 kwamba mbegu za okidi zinaweza kuota ndani ya chupa kwenye chakula chenye sukari, bila kuvu ambazo mbegu huzitegemea porini, dunia imekuwa na njia ya kupata okidi changa na safi kwa maelfu. Zinachafukia mikononi mwetu baadaye.

Hapo ndipo ninapokasirika na lugha ya kukata tamaa. Mkulima wa mihogo anayepambana na batobato anapambana na inzi mweupe, mdudu anayeruka kutoka shamba la jirani bila kubisha hodi. Ugonjwa huo uliandikwa mara ya kwanza hapahapa Afrika Mashariki mwaka 1894, na miaka zaidi ya 130 baadaye bado unapiganiwa. Hata hivyo mkulima huyo anachagua mbegu safi, anang'oa shina lenye batobato, anaomba aina inayostahimili. Hajasema "vipo kila mahali" akakaa. Mwenye okidi ana adui dhaifu zaidi. CymMV na ORSV havina mabawa. Vinamtegemea mtu avibebe. Kwenye baraza ambalo hakuna anayekata bila kubadilisha wembe, hakuna anayeloweka vyungu vyote kwenye ndoo moja, na hakuna chungu kinachodondoshea kingine maji, kirusi hakina usafiri wa maana. Ni magonjwa machache ya mimea ambayo mtu anaweza kuyazuia kwa mikono yake mwenyewe kiasi hicho, na ajabu ni kwamba haya ndiyo tunayoambiwa tuyakubali.

Hoja ya tatu: "Mimi hufuta kwa spiriti"

Huyu angalau anajali, na kwa sababu anajali anastahili kuambiwa ukweli.

Uinue kwenye mwanga wembe uliotoka kukata shina la Cattleya. Ukingoni utaona utando mwembamba unaonata, wenye nyuzi moja mbili za kijani. Huo ni utomvu, na kama mmea una kirusi, kiko humo. Ukipitisha pamba yenye spiriti, sehemu ya utando inaondoka na sehemu inatandazwa kwenye chuma na kukauka. Wembe unang'aa. Kirusi kilichobaki bado kinaweza kuambukiza jeraha litakalofuata.

Tulizoea spiriti na vitakasa mikono wakati wa korona, na tukabeba mazoea yale hadi bustanini. Kirusi cha korona kina ganda la mafuta, na pombe hulivunja ganda hilo. CymMV na ORSV havina ganda hilo. Ni uzi wa RNA uliofungwa ndani ya protini ngumu. ORSV hasa kina ukaidi wa jamaa zake wa tumbaku. Mwaka 1935 Wendell Stanley alikigeuza kirusi cha tumbaku kuwa fuwele, kitu kikavu cha kuwekwa chupani, na fuwele zile zikayeyushwa tena na kuambukiza mimea. Virusi vya ukoo huo hudumu kwa miaka ndani ya mabaki makavu ya mimea. Kwa hiyo mkaa wa chungu cha zamani, makumbi yaliyokwisha tumika na mizizi mikavu iliyoganda kwenye kuta za chungu cha udongo si vitu vya kurudishia mmea mwingine.

Moto nao unatumiwa vibaya. Kupitisha mkasi kwenye ndimi za moto kwa sekunde moja kunachoma uchafu wa juu tu. Chuma kinatakiwa kiwake chekundu upande wa makali, kisha kipoe. Watu wachache wana subira hiyo wakiwa na vyungu ishirini vya kushughulikia.

Njia zinazofaa hazina ugumu. Rahisi kuliko zote ni wembe mpya kwa kila mmea. Pakiti ya nyembe ni shilingi chache, na wembe uliokwisha tumika unaingia kwenye kopo la kutupa. Kwa mkasi, osha kwanza utomvu na uchafu kwa sabuni, kisha loweka dakika 10 kwenye jiki iliyochanganywa siku hiyohiyo. Jiki nyingi za madukani kwetu zina nguvu ya asilimia 3.5 hivi, kwa hiyo sehemu moja ya jiki kwa sehemu tano za maji inatosha. Ya jana imekwisha nguvu. Itakula chuma, ndiyo, kwa hiyo suuza na upake mafuta. Vitalu vikubwa hutumia pia trisodiamu fosfeti ya asilimia 10. Kwa mikono na glavu, maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 20 kwa mililita 100 za maji, huzuia kirusi kuambukiza kwa sababu protini ya maziwa hukifunika. Wakuzaji wa tumbaku na nyanya wanaijua njia hiyo. Na mvuta sigara, kwa kuwa anashika tumbaku, anawe kwa sabuni kabla ya kugusa mmea wowote.

Kuna kosa moja ambalo halitajwi kabisa: kuvunja shina la maua lililokauka kwa vidole, chungu hadi chungu, asubuhi moja. Mtu anayefanya hivyo anapaka utomvu wa mmea wa kwanza kwenye jeraha la pili, la tatu na la kumi, na baadaye anasema hajawahi kukata chochote.

Hoja ya nne: "Yangu imetoka maabara"

Wauzaji wanalipenda neno hili, na historia yake ni ya kweli. Georges Morel, Mfaransa, ndiye aliyeonyesha mwaka 1960 kwamba ncha ndogo kabisa ya chipukizi la Cymbidium, mahali ambapo kirusi huwa kichache au hakijafika, inaweza kukuzwa ndani ya chupa na kutoa mmea usio na kirusi. Njia hiyo ilizaliwa kama dawa ya kirusi. Kisha watu wakagundua kwamba ncha moja inaweza kugawanywa na kugawanywa tena, ikatoa mimea inayofanana kwa maelfu, na biashara ikachukua sehemu hiyo ya pili. Mimea mama ikaanza kuingizwa maabara bila kupimwa. Mama akiwa na kirusi, na ncha iliyochukuliwa ikiwa kubwa au kirusi kikiwa kimeshaingia humo, watoto wote hutoka nacho, wakiwa wamefungwa vizuri kwenye chupa isiyo na bakteria wala kuvu. Chupa safi haimaanishi mmea safi.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: mama alipimwa? Wazalishaji makini hupima mimea mama kabla ya kuizidisha, kwa sababu wanajua hasara inayowangoja wasipofanya hivyo. Muuzaji akikujibu kwa habari za maabara badala ya habari za kipimo, hajakujibu.

Hoja ya tano: "Kupima ni ghali"

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na sitaipuuza. Vipimo vya haraka hutoka nje, huagizwa kwa pakiti, na gharama ya kupima mmea mmoja inaweza kukaribia bei ya Phalaenopsis ya kawaida ya dukani. Kumwambia mtu mwenye okidi hamsini azipime zote ni kumfukuza kwenye mapenzi yake.

Lakini hakuna anayemwambia hivyo. Phalaenopsis ya kununua kwa ajili ya sikukuu usiipime. Ichukulie ina kirusi, iweke peke yake na sahani yake, wembe wake uutupe, na isigawanywe. Pesa ya vipimo iende kwenye mimea inayosambaza: ule unaotaka kuugawa, unaotaka kuuza au kumpa mtu, unaotaka kuutumia kuchavusha, na Cattleya za zamani zilizopita mikono mingi kwa kugawanywa kizazi baada ya kizazi. Kwenye nyumba nyingi mimea ya namna hiyo haizidi michache.

Kipimo chenyewe kinafanana na kile cha haraka cha malaria kinachotumika zahanati. Unakata kipande kidogo cha jani, unakitia kwenye kimfuko chenye maji maalumu, unakiponda hadi maji yageuke kijani, unachomeka kijiti na kusubiri dakika chache. Mstari wa udhibiti lazima utokee. Usipotokea, kipimo kimeharibika na hakisemi lolote. Mstari mwingine ukitokea, hata ukiwa hafifu, kirusi kipo. Kuna vijiti vinavyosoma CymMV na ORSV kwa pamoja.

Na hasi isichukuliwe kuwa kiapo. Mmea ulioambukizwa juzi unaweza kutoa hasi, kwa kuwa kirusi kinahitaji wiki au hata miezi kuongezeka na hakijai sawasawa kwenye kila jani. Kijiti pia hakitafuti kirusi ambacho hakikutengenezwa kukitafuta. Ndiyo maana mmea mpya unatengwa, unapimwa, na baada ya miezi kadhaa unapimwa tena kabla ya kuchanganywa na mingine. Maabara yenye vipimo vya ELISA au PCR huona kirusi kichache zaidi, na kwa mmea mama wa kitalu ndiko pa kwenda.

Sasa tuzungumze gharama ya kutopima, ambayo wenzetu hawaiweki kwenye hesabu. Cattleya kutoka mbegu huchukua kama miaka 5 hadi 7 kuchanua. Mtu aliyeilea kwa muda huo, akaigawa kwa wembe uliotoka kwenye mmea mgonjwa wa shilingi chache, amepoteza miaka hiyo yote kwa sekunde moja, na hakuna duka linalouza miaka. Hesabu inayoweka bei ya kijiti upande mmoja na kuacha upande wa pili mtupu ni hesabu ya kudanganyana.

Kuna na yule anayeogopa kupima kwa sababu anaogopa jibu. Okidi ni ya marehemu mama yake, au ndiyo ya kwanza aliyoinunua. Namwelewa kabisa, na simtaki aichome. Aiweke kando, chini, mahali maji yake hayadondokei nyingine. Aiwekee alama, wembe wake, sahani yake. Aihudumie mwisho, baada ya nyingine zote. Aifurahie hadi mwisho wake. Ila asimgawie mtu hata chipukizi moja, hata mdogo wake wa kuzaliwa.

Hoja ya sita: "Mmea wangu, nyumba yangu"

Okidi haikai nyumba moja. Mgeni anaona, anasema "nigawie mbegu", na kwa adabu zetu ni aibu kumnyima. Balbu tatu za nyuma zinakatwa, zinafungwa kwenye gazeti, zinakwenda kwa shemeji. Shemeji anampa mwenzake wa kanisani. Baada ya miaka michache mmea uleule uko kwenye nyumba ambazo mwenyewe hazijui, na popote ulipofika umekutana na wembe usiobadilishwa. Kirusi kilichoitwa cha nyumbani kwako kimekuwa cha mtaa.

Vanila nayo ni okidi, jambo ambalo wengi hawalijui. CymMV hushambulia vanila pia, na kimepatikana kwenye mashamba ya vanila Réunion, Madagaska na Polinesia ya Ufaransa. Vanila haipandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa vipando vya marando yake, kipande baada ya kipande, kwa kisu kilekile, na hukaa kama miaka 3 kabla ya kutoa maua. Kagera, Mukono, Bundibugyo, Zanzibar, kuna familia zinazotegemea marando hayo kulipa karo. Mtu mwenye okidi barazani na vanila nyuma ya nyumba, na kisu kimoja cha bustani kwa kazi zote, hana haki ya kusema kirusi chake kinamhusu yeye peke yake.

Na hapa ndipo msimamo wa "hakina madhara" unapojivunja wenyewe. Wanaousema hutangaza kwamba okidi zao nyingi huenda zina kirusi na zinaendelea vizuri. Lakini sijaona kibao cha mmea wa kuuza kilichoandikwa "una CymMV". Sijaona chipukizi la zawadi likitolewa kwa maneno "una kirusi, lakini hakidhuru". Kama kweli hakidhuru, maneno hayo yasingepunguza bei hata kwa shilingi moja, na yasingemfanya mgeni arudishe mkono. Wanajua yangepunguza. Wanajua mgeni angeukataa. Kwa hiyo wanaamini mambo mawili yasiyokaa pamoja: kwamba kirusi si kitu wakati wa kuulizwa kwa nini hawapimi, na kwamba ni kitu wakati wa kuuza. Tofauti kati ya imani hizo mbili inalipwa na mnunuzi, naye hajaambiwa kwamba kuna bili.

Ninachowaomba wenye vitalu na vyama vya wakuza okidi hakihitaji maabara wala fedha nyingi. Kila mmea unaouzwa au kugawiwa uwe na kibao kinachosema umepimwa lini na ukatoa nini, au kinachosema haujapimwa. Asiyepima aruhusiwe kuuza, na mnunuzi aamue mwenyewe akijua anachokinunua. Kwenye maonyesho, mimea ya watu mbalimbali isikatwe kwa mkasi mmoja wa mezani. Na anayeujua mmea wake kuwa una kirusi, akauuza au akautoa zawadi bila kusema, amemdhulumu mwenzake, hata kama siku ile alipoutoa ulikuwa umejaa maua.